Klimu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Gari la Mama Joséphine, mama yake Elodie wangu, limeingia garajini kwangu, hapa Kasuku, mjini Kindu. Halikwenda kwa Florentin, fundi mwenzangu! Klimu yake, kile kiyoyozi, badala ya kupuliza baridi, inapuliza moto. Jumamosi kaka yake huyo mama, Mjomba Onema, anashuka na ndege kutoka Kisangani kuja kusema neno la mwisho: Elodie aolewe na mimi au na Florentin. Mjomba ni mnene na hapatani na joto. Mpango wangu ni mwepesi. Nitampokea uwanjani kwa gari lenye baridi. Mtu aliyepoa hakatai kitu.

Mama Joséphine alileta gari mwenyewe. Akaanza kunieleza kwamba klimu hii, marehemu mume wake, wakati wa vita... Hapo nilikuwa nimekwisha kujibanza nyuma ya mapipa. Kwetu anayeposa hasimami mbele ya mama mkwe wala hamtazami usoni. Akimwona njiani anaingia majanini. Aliniita tena, nikazidi kuinama. Nina hakika adabu yangu imemfurahisha.

Jumanne, 4 Machi

Uchunguzi. Nimewasha injini, nimefungua boneti. Bomba la gazi ya baridi limepoa vizuri, linatoka jasho kama chupa ya bia. Ndani ya gari, joto la kukaushia samaki. Fundi wa kawaida angechanganyikiwa. Mimi nilijua papo hapo: ni kompresa, ile mashine inayosukuma gazi.

Elodie alikuja na ujumbe wa mama yake kuhusu klimu. Nilimkatiza kwa upole. Nikamwambia fundi wa kweli haelezwi gari linaumwa wapi. Akasema ni maneno machache tu. Nikasema ampelekee mama salamu zangu. Ameondoka ameuma mdomo. Mapenzi hayo.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoa kompresa ya zamani na kufunga nyingine, ya gari bovu lililolala nyuma ya soko. Ya zamani ilionekana nzima. Macho hudanganya.

Tatizo dogo: gazi yote imeponyoka hewani. Na chupa ya gazi iko kwa Florentin. Nilikwenda kwake na hila. Nikasema ni kwa ajili ya friji ya baa moja kule Alunguli. Akanipa bila shida, kisha akaniomba nimsalimie gari la Mama Joséphine. Mpelelezi!

Tena hana haya. Akanieleza kwamba jana alikaa barazani kwa mama, kiti kwa kiti, uso kwa uso, wakazungumza mpaka jua likazama. Anasema kwao hawakimbii wakwe. Nilimwonea huruma kweli. Mama gani atampa binti yake kijana wa namna hiyo?

Ijumaa, 7 Machi

Bado moto.

Nimeosha radiateri ya klimu kwa sabuni. Moto. Nimebadilisha feni. Moto, na sasa unafika haraka zaidi. Mama Joséphine alikuja tena mwenyewe. Niliingia chini ya gari. Akainama, akaanza kusema nami hukohuko chini: wakati wa vita, baba yake Elodie... Nikatokea upande wa pili na kuruka ukuta. Suruali imechanika, heshima imebaki.

Nimefikiri sana. Nimeelewa. Gazi mpya haijalizoea gari. Ikilala usiku mmoja itatulia.

Kuna jambo lingine. Mama anataka twende naye uwanjani kumpokea kaka yake. Mimi na mama mkwe ndani ya gari moja? Haiwezekani. Lakini akili ninayo. Nimechukua kitenge kipana, nimekifunga katikati kama pazia, viti vya mbele huku, vya nyuma kule. Sidhani kuna fundi mwingine Kindu angewaza hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Mjomba Onema alikaa mbele, kando yangu. Mama na Elodie nyuma ya pazia. Vioo vyote nilivifunga ili baridi isitoroke. Nikafungulia klimu mpaka mwisho. Hatukwenda mbali. Shati la Mjomba lililowa, likabadilika rangi. Akauliza kama huyu njo fundi anayetaka mtoto wao. Akasema kama ni kuchomwa, heri angebaki Kisangani. Akauliza yule Florentin anakaa wapi. Niliona Elodie anapotea hivihivi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya kitenge: "Sasa utakimbilia wapi, bokilo, mkwe wangu?"

Nilikuwa nimeshika usukani. Pa kukimbilia hapakuwapo.

"Wakati ya vita basoda na bunduki zao balikuwa banakamata kila motokari," mama akasema. "Baba yake Elodie akafungua robine, koki ya maji ya moto ya injini, moto iingie ndani, akaikaza na waya, pale chini ya miguu yako, isifungike tena. Basoda bakaingia, bakatoka jasho, bakafika ku soko tu, bakairudisha benyewe. Njo maana tuko nayo mpaka leo. Tangu siku ya kwanza niko nakuambia: kata waya."

Nilisimamisha gari. Nikaingiza koleo chini ya dashibodi. Waya ulikuwepo, umekula kutu, umesokotwa kwa uangalifu na mkono wa mtu aliyependa gari lake. Nikaukata. Baridi ikaja polepole, kisha ikaja yote.

Nyuma ya pazia mama alikuwa analia kimyakimya. Mjomba aliomba kile kipande cha waya, akacheka, akasema shemeji yake alikuwa mtu. Akakitia mfukoni. Na mimi nikaliendesha gari polepole mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Mjomba ametoa uamuzi wake, ila amesema mama ndiye atakayenieleza. Sharti moja: nikae nyuma ya pazia nyumbani kwao, nimsikilize mpaka amalize. Florentin naye ameitwa.

Nilikaa. Nilisikiliza kabisa. Mama alikuwa ameanza vizuri, habari za familia, habari za subira. Mara dereva aliyekuja kumrudisha Mjomba uwanjani akawasha lile gari la mama uani, na feni ya klimu ikalia kwa namna fulani. Nilijua papo hapo: beringi. Nikainuka, nikatoka, nikafungua boneti.

Baadaye Elodie alinifuata, macho mekundu. Akaniambia kwamba nilipoinuka mama alikuwa amefika kwenye "ndiyo, lakini". Akataka kunieleza lakini gani. Nikamwambia asijisumbue. "Ndiyo" nimeipata, na hiyo njo kitu kikubwa.

Florentin nimemwacha barazani, kiti kwa kiti na mama, anaitikia kwa kichwa, na Mjomba anamwongezea chai. Maskini, mpaka jioni alikuwa bado anasikiliza. Kesho napeleka kipimo cha suti yangu ya harusi kwa fundi cherehani.