Mashine za Masikio na Posa ya Pendo

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka na wiki ndiyo kwanza inaanza. Jana kanisani mashine yangu ya sikio la kulia ilipiga filimbi katikati ya sala ya toba. Filimbi ndefu! Mchungaji akanyamaza. Waumini wakaanza kupekua mifuko wakitafuta simu. Nami nikapekua wangu, kwa sura ya mtu aliyekerwa na wasiozima simu.

Kando yangu alikaa Efraimu, mtoto wa baba yangu mdogo. Naye anavaa mashine. Mpya. Ndogo kama punje za mahindi, hazipigi filimbi, na anasikia hata mtu akinong'ona benchi la nyuma. Alinitazama kwa huruma. Navumilia mengi, ila si huruma ya Efraimu.

Masikio yangu yameliwa na injini za malori. Nimekuwa fundi hapa kijijini Mpemba, karibu na mpaka, tangu ujana. Mashine zangu aliniletea mpwa wangu kutoka Dar, kama mtu anavyoletewa kofia. Hakuna aliyenipima.

Na Jumamosi wageni wanashuka kutoka Ileje kumposa Pendo! Pendo ni binti wa marehemu mdogo wangu. Mimi ndiye baba yake mkubwa, nimemlea, nami ndiye msemaji wa ukoo. Efraimu amependekeza, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba safari hii aseme yeye, kwa kuwa anasikia. Haiwezekani. Mkubwa yupo!

Mke wangu Restuta kasema nimwulize Efraimu ni nani aliyempima. Nikamjibu heri nife kiziwi. Akasema jambo. Sikulisikia.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Nimevuka mpaka hadi Nakonde, kwa mtu aitwaye Rabson, anayesifiwa kwa mashine za masikio. Nikatarajia ofisi. Nikakuta meza: chaji za simu, tochi, sumu ya panya, na mashine za masikio. Kanipokea kwa Kibemba, mulishani, ba tata, yaani hujambo baba, akanichomeka moja sikioni kabla sijaitikia, akaongeza sauti hadi mwisho.

Nilisikia! Nilisikia nguo yangu ikisugua shingo. Nilisikia mate yangu. Kumsikia Rabson mwenyewe sikuweza, maana Nakonde nzima ilikuwa inapita kichwani mwangu. Nikamuuliza kwa ishara kama amesomea kazi hii. Naye kwa ishara akanionyesha tochi.

Bado nikainunua. Narudi, lori kwenye foleni ya mpakani likapiga honi. Nilijikuta nimekaa mtaroni. Dereva akashuka kunisaidia, akaniambia pole, babu. Babu!

Mashine ya Rabson nimeizika chini ya vipuri chakavu. Nimerudia zangu za filimbi. Mwili mzito.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili, wa akili zaidi: kumjua mpimaji wa Efraimu bila Efraimu kujua. Nikamtuma Restuta kwa Teresia, mke wa Efraimu. Nikamfundisha namna ya kuzunguka: aanze na bei ya mbolea, aingie kwenye mafua, kutoka mafua aguse masikio.

Akarudi upesi mno. Kumbe alifika mlangoni tu akasema mume wangu anataka kujua mzee wenu alipimwa na nani. Hivyo hivyo! Mbolea haikuguswa.

Jina tumelipata: Gwalugano. Huwa yupo Vwawa kila Alhamisi, kliniki moja nyuma ya soko. Jioni Efraimu akaja mwenyewe, akajitolea kunisindikiza. Akasema huyo binti ni mzuri kwa sababu anauliza kwanza kabla ya kurekebisha chochote, na ukirudi na malalamiko hanuni. Nikajifanya sijamsikia. Akarudia kwa sauti. Nikajifanya tena. Akaenda zake ameinamisha kichwa. Uziwi nao una faida zake.

Alhamisi, 6 Juni

Nilikusudia kwenda peke yangu. Restuta akavaa viatu akasema nitaitwa jina na sitasikia. Nikamwambia asinidharau. Kule Vwawa nikaitwa, nikaitwa tena, mpaka akanifinya.

Gwalugano ni binti mdogo kuliko nilivyofikiri. Ana shikamoo nzuri, akauliza kwanza nini kimenileta, nikamweleza habari za wageni wa Jumamosi. Kumbe huyu si daktari wa masikio yanayouma. Kazi yake ni kupima mtu anasikia nini na hasikii nini, kisha azifanye mashine zimfae mtu huyo. Kabla ya yote akachungulia ndani kwa taa, akatoa uchafu ambao siwezi kuuandika. Akasema filimbi inatokana na kipira cha kuingia sikioni kisichokaa vizuri, sauti inatoroka. Akabadilisha kipira. Filimbi ikafa. Miaka yote ile ya kupekua mifuko!

Kisha kipimo. Unakaa kwenye chumba kidogo, unavaa vitu vikubwa masikioni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Nikakumbuka kwamba Efraimu naye aliketi hapa. Nikakusudia kumpita. Bahati nzuri kulikuwa na kioo, na kwenye kioo niliuona mkono wa yule binti. Mkono ukisogea, nabonyeza. Nilikuwa nafaulu vizuri sana!

Akasimama, akaja mlangoni.

"Baba, hapo sikutoa mlio wowote. Nilikuwa najikuna."

Nikamwambia niliusikia ukiwa njiani. Hakucheka. Akavuta pazia, akasema kwa upole kwamba nikimdanganya yeye, mashine zitapangwa kwa masikio ya mtu asiyekuwepo, na mtu huyo hatakuja Jumamosi kupokea wageni. Tukaanza upya. Safari hii nilibonyeza mara chache. Nyakati ndefu za kimya. Sikujua kimya changu kimekuwa kirefu hivyo.

Akazirekebisha mashine zangu kwa kompyuta. Kisha akamwomba Restuta akae nyuma yangu, aseme neno lolote kwa sauti ya kawaida.

Restuta akasogeza kiti. Halafu akasema, "Nimechoka kupiga kelele ndani ya nyumba yangu."

Nililisikia neno zima. Nikaangalia ukuta. Gwalugano akauliza mama amesema nini. Nikajibu amesema mashine ni nzuri.

Maagizo: nizivae tangu asubuhi hadi kulala hata zikiniudhi, kwa sababu kichwa kimesahau sauti na lazima kizoee. Jumamosi nikae mgongo ukutani, Efraimu au mwingine anayesikia akae karibu. Nisiposikia, niseme sijasikia, rudieni. Nirudi kwake baada ya wiki mbili. Nikaitikia yote. Hilo la kusema sijasikia niliitikia kwa adabu tu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimezivaa alfajiri. Dunia ina kelele! Kuku. Bati likinyooshwa na jua. Breki za upepo barabarani, moja baada ya nyingine, kama watu wazima wanaoguna. Nikitafuna, nasikia kinu.

Saa za chai nikasikia wimbo. Restuta alikuwa anachambua maharage huku anaimba pambio, polepole, sauti nyembamba. Nikamuuliza ameanza lini kuimba tena. Akasema hajawahi kuacha.

Nikakaa hapo kibarazani. Akamaliza pambio lile, akaanza jingine.

Kufika mchana kichwa kinaniuma. Nikafikiri kwa busara: viatu vya harusi havivaliwi shambani. Nimezivua, nimezifungia kabatini, ziingie kesho zikiwa na nguvu mpya. Restuta akasema jambo. Nadhani alikuwa anakubali.

Jumamosi, 8 Juni

Wageni ndiyo kwanza wameondoka, nguo za sherehe sijavua. Naandika hivyo hivyo.

Wageni walifika mapema. Nikazivaa mashine walipokuwa mlangoni. Wakati huohuo akina mama wakapiga vigelegele. Mungu wangu! Vilinipita sikio hadi sikio kama msumari. Nikazipunguza sauti hadi chini kabisa. Amani. Efraimu akaja kukaa karibu nami, nikamwelekeza kiti cha mlangoni, akapokee kofia.

Mshenga wao ni mzee mwenye sauti ya pamba, na masharubu yamefunika mdomo wote, hata midomo huwezi kuisoma. Nikawa natikisa kichwa kwa heshima. Akisimama kidogo, nasema vyema. Ilikwenda vizuri. Wageni walinipenda. Mwishoni akauliza jambo refu, akangoja. Nikajibu kwa sauti ya msemaji wa ukoo: "Hilo halina shida kabisa. Hata kesho!"

Nyumba ikanyamaza. Hata kwangu mimi ilinyamaza zaidi ya kawaida. Restuta akashika mdomo. Efraimu akasimama, akakaa, akasimama tena.

Ndipo Pendo akatoka chumba cha ndani. Binti wa kuposwa hatoki vile, lakini alitoka. Akapiga magoti mbele yangu, uso kwa uso, akanyoosha mkono akaongeza sauti ya mashine mwenyewe.

"Baba mkubwa, wanataka niache chuo cha uuguzi nikaolewe. Umewaambia hata kesho. Ndivyo unavyosema?"

Mwaka mmoja tu umebaki amalize. Marehemu mdogo wangu alikufa akililia jambo hilo.

Nikasema hapana. Nikasema tena, kwa nguvu, maana sikujua kama la kwanza lilitoka. Kwamba binti huyu atamaliza chuo, na anayemtaka atangoja. Wageni wakatoka nje kushauriana. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko foleni yoyote ya malori. Efraimu alikwenda nao. Sijui aliwaambia nini. Wakarudi. Yesaya, mchumba mwenyewe, akasema anangoja, na kwamba hilo la kuacha chuo halikuwa lake, lilikuwa la wajomba. Vigelegele tena. Safari hii nikavumilia.

Baadaye Restuta akanipa chai. Pendo akaja akaegemeza kichwa begani kwangu. Nikamwambia nilikuwa nawapima wageni. Akasema anajua. Hajui kudanganya, mtoto yule.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mchovu lakini na akili safi. Nimeyatafakari yote. Kosa ni la Gwalugano. Ni binti mwema, ila mpimaji bora angenipa mashine zinazojua lipi ni la maana na lipi ni kigelegele. Nimesikia yupo mmoja Mbeya. Wanasema mtu huyo haulizi maswali. Huyo ndiye ninayemtaka.

Mashine nimeziacha nyumbani leo. Ni siku ya mapumziko, na masikio nayo yana haki yake.

Ibada ilikuwa tulivu mno. Mwishoni mchungaji akanisimamisha mbele ya watu wote, akanishika mkono, akaongea kwa muda mrefu akinitazama. Ilikuwa dhahiri ananipongeza kwa mambo ya jana. Nikamjibu kwamba niko tayari kwa moyo mweupe, na familia yangu pia. Kanisa zima likapiga makofi. Efraimu akafunika uso. Restuta akaketi kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu.

Njia nzima hajasema neno. Ama amesema. Sijamuuliza nimekubali nini. Nitajua siku yenyewe ikifika.