Eda ya Mastura na Nyaya Zangu

Jumatatu, 8 Januari 1996
Kornelio, mkaguzi wa umeme, kapanda darini chumba cha nyuma. Kashuka na utando wa buibui kichwani na maneno mdomoni. Eti nyaya nimezisokota tu na kuzifunga kwa tyubu ya baiskeli. Sasa? Tyubu mpya ile! Anataka kila kiungo ndani ya kisanduku chake, la sivyo hawashi. Na visanduku hapa Masoko anavyo Likwata peke yake. Likwata, muuza barafu! Ramadhani inabisha hodi, friza langu la Dubai, la kuuzia barafu mimi pia, limekaa sebuleni kama mgeni asiyepewa chai. Kwa Likwata siendi.

Alhamisi, 11 Januari
Kornelio karudi. Nimemwambia kazi tayari, ila chumbani hakuingiliki: dada yangu Mastura kafiwa na mumewe, yumo eda, haonwi na mwanamume wa nje. Kavua kofia. Kanipa pole. Nikatoa na chozi. (Mastura yuko uani, anakuna nazi na kucheka.) Kornelio kasema basi, atakuja eda ikiisha.
Miezi minne na siku kumi! Sikupiga hesabu.

Ijumaa, 12 Januari
Kornelio ana mdomo! Msikitini wamemwombea dua shemeji Tawakali. Majirani wamekuja na masufuria ya ubwabwa. Nimekula. Ningefanyaje? Mastura kamwambia mke wangu: wifi Maimuna, jitayarishe, wa kukaa eda humu ni wewe.

Jumapili, 14 Januari
Tawakali kashuka kwenye lori la Kiranjeranje na gunia la mihogo. Kaniuliza yeye kafa kwa maradhi gani. Nikamwambia ghafla. Kauliza kama ubwabwa umebaki.

Jumatatu, 15 Januari
Kornelio kaleta fundi mwanamke, Dativa, aingie kwa mjane bila kumvunjia heshima. Wema gani huu! Barazani Tawakali kawapokea: karibuni, mimi ndiye mume wa Mastura. Kornelio kavaa kofia yake. Dativa kapanda, kakata tyubu yangu yote, kaniangushia miguuni. Maimuna kaenda mwenyewe kwa Likwata. Karudi na visanduku, na salamu: Likwata ananipa pole ya msiba. Nimevifunga vyote, Dativa kanisimamia.

Jumamosi, 20 Januari
Umeme umewaka! Friza linanguruma. Barafu yangu ngumu kuliko ya Likwata, anayebisha aje ailambe. Nani kashindwa hapo?
Leo nimevuta waya hadi banda la kuku. Vile vipande vya tyubu niliviokota, bado vizuri kabisa. Kornelio akija, Maimuna kajifungua, mzazi haingiliwi. Maimuna mwenyewe sijamwambia bado. Eda ilikuwa ndefu mno, kosa langu hilo tu. Uzazi ni siku arobaini.