Mfano wa Kitenzi "Pungua"

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri Mkuu wa kamusi yetu ametugawia vitenzi. Miwani, jirani yangu wa meza na hasimu wangu wa siku nyingi, kapewa "ongezeka". Mimi "pungua". Mwenye mfano bora atahamia meza ya dirishani. Naitaka meza ile mpaka naiota. Masharti ya ofisi ni yale yale: mfano hautungwi. Lazima utoke mdomoni mwa mtu, bila kuombwa, na shahidi asikie. Fasili nimeimaliza kabla ya chai: kuwa kidogo kuliko awali, taratibu. Bado mfano. Kazi ndogo kwa mtu wa akili zangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiandama chupa ya chai ya ofisi asubuhi nzima, kikombe baada ya kikombe, ili mtu aseme chai inapungua. Mama wa chai akaitikisa, akasema imekwisha. Imekwisha! Mwanamke hana subira hata kidogo. Nimeshinda nikikimbilia chooni. Mchana akamwambia Mhariri Mkuu kwamba safari zangu za chooni zinaongezeka. Miwani alikuwa karibu. Akachukua kalamu, akaandika, akanitabasamia.

Jumatano, 5 Machi
Mpango wa nyumbani. Nimevaa suruali pana, nikapita mbele ya mke wangu nimeishikilia kiunoni, nikihema. Shemeji alikuwa kochini, shahidi tayari. Nilitaka neno moja tu, kwamba napungua. Mke wangu akaniangalia weee, akasema hiyo ni suruali ya kaka yake, niivue. Nikakataa chakula kwa hasira. Shemeji kala sahani zote mbili. Njaa inauma.

Alhamisi, 6 Machi
Baiskeli ya Miwani! Nimelegeza valvu kidogo, upepo utoke polepole, aone mwenyewe na kusema. Nikachuchumaa, sikio kwenye tairi, kuhakikisha spidi. Kuinua macho, Mhariri Mkuu na Miwani wamesimama juu yangu. Nikasema nasikiliza. Mhariri Mkuu akatikisa kichwa, akamwambia Miwani kwamba akili za huyu bwana zinapungua kila siku.
Nimeruka kwa furaha. Kasema mwenyewe! Hakuombwa! Na shahidi kasikia! Miwani akakiri kwa unyonge kwamba kasikia. Nimemsaidia hata kujaza upepo.

Ijumaa, 7 Machi
Mfano wangu umepita bila kuguswa hata nukta. "Akili za huyu bwana zinapungua kila siku." Utachapishwa, watoto wataukariri shuleni. Mke wangu kausoma mara mbili, akasema kwa mara ya kwanza kamusi hiyo imesema kweli. Nimefurahi ameipenda.
Meza ya dirishani kapewa Miwani. Mimi nimehamishiwa meza iliyo karibu na choo. Mhariri Mkuu anasema amenifikiria. Roho imeniuma, ila nimepewa kitenzi kipya, "potea", na safari hii sifanyi mchezo. Funguo za Mhariri Mkuu ziko mfukoni mwangu tangu asubuhi. Mama wa chai nimemsogeza mlangoni, awe shahidi. Sasa hivi Mhariri Mkuu anapekua mkoba wake. Nasubiri afungue mdomo.