Nilivyomtafuta Marehemu Mtoni

Leo aibu imenikuta mchana kweupe, na suruali bado iko kwenye kamba. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaani kwetu Mukuru, maana wao wataongeza chumvi.

Mnajua nimefiwa na rafiki yangu Wekesa. Mimi Mkamba, yeye Mbukusu, lakini tulipanga vyumba vinavyotazamana na tukafanya kazi kiwanda kimoja mpaka kifua kikamshinda. Leo mwili ulikuwa unapitishwa mtaani kutoka mochari, watu wauage, kisha safari ya kwao Bungoma kwa mazishi. Mimi sikupewa ruhusa kazini. Kwa hivyo hii ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho kumwona uso. Tena mjane wake, Mama Nekesa, aliniomba niseme neno kwa niaba ya majirani. (Mimi, mtu ambaye hata chai naagiza kwa kidole!)

Nilitoka zamu ya usiku moja kwa moja, sijalala, simu imezima. Nilichokumbuka ni kwamba hema litakuwa karibu na daraja. Nikafika. Hema hilo hapo. Viti vya plastiki. Watu wamevaa gambuti, nikasema ni sawa, matope haya nani atakuja na viatu vya kanisa? Na mstari unasogea polepole kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Kila anayefika anainama, anatazama, anatikisa kichwa, anapita.

Jamani, kama huo si mstari wa kuaga, ni wa nini?

Nikavua kofia, nikajipanga. Mama aliyekuwa mbele yangu akanong'ona, "Hata siamini."

"Pole sana, mama," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. "Asante. Pole na wewe." (Mpaka sasa sijui alikuwa ananipa pole ya nini.)

Zamu yangu ikafika. Msichana aliyevaa glavu akaniambia, "Karibu mzee. Sogea, usiogope, hawaumi."

Hawaumi? Akina nani? Nilikuwa nimejikaza kuona uso wa Wekesa. Nikaona trei. Trei ya plastiki yenye maji, na ndani yake vidudu vyekundu vyembamba kama uzi vinajikunja na kujikunjua. Pembeni, ruba anajivuta taratibu.

"Hawa tumewatoa hapo chini asubuhi," msichana akasema. "Hawa wekundu ni mabuu. Damu yao inashika hewa hata pale maji yameishiwa hewa, ndiyo maana uchafu hauwaui. Kule juu msituni mto ukiwa bado safi, ukigeuza jiwe unapata kaa, unapata watoto wa kereng'ende. Hapa hao wote wametoweka. Ukitaka kujua kama mto ni mgonjwa, angalia nani bado anaishi ndani yake."

Nikaitikia kwa kichwa. (Nilielewa nini? Hakuna.) Nikawaza labda Wekesa alikuwa mwanachama wa hiki kikundi cha kusafisha mto na hakuniambia. Nikachungulia chini ya meza. Hakuna jeneza. Ndipo nikauliza, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Mwili uko wapi?"

Hema lote likanigeukia.

"Mwili gani, mzee?"

"Wa rafiki yangu. Niliambiwa uko hapa, karibu na daraja."

Sisi tunaoishi kando ya mto huu tunajua swali hilo halina mzaha. Kijana mmoja akapiga kelele, "Wasee! Kuna mwili mtoni! Buda anatafuta beste yake!"

Viti vikaanguka. Wengine wakashika reki za kuzolea takataka, wengine miti. Msichana naye akakimbia na wavu wake wa wadudu, mdogo kama chujio la chai. Nikamshika mkono jamaa aliyekuwa anapita mbio. "Wekesa ameanguka mtoni?"

"Ndivyo wanavyosema!"

Akilini nikaona gari la maiti likiteleza darajani, jeneza likizama. Nikaingia majini na suruali yangu nzuri, maji yakafika mapajani, nikaanza kuita, "Wekesa! Wekesa!" (Namwita maiti aitike!)

Yule kijana alikuwa kando yangu, anachokoachokoa tope. "Buda, amevaa nini?"

"Suti ya kijivu."

"Ameanguka saa ngapi?"

"Sijui. Lakini alifariki Jumanne."

Akaacha kuchokoa. "Jumanne? Hapa?"

"Hapana. Hospitalini."

"Sasa mzee, huku tunatafuta nini?"

"Hata mimi sielewi."

Nikainua macho. Daraja lote limejaa watu. Mbele kabisa amesimama Mama Nekesa na kitambaa chake cheusi, mchungaji kando yake na Biblia kwapani.

"Shemeji Musyoka! Unatafuta nini huko?"

Mimi uongo siujui. "Namtafuta Wekesa."

"Wekesa yuko ng'ambo hii, shemeji, kwenye hema letu! Tumemwacha na dereva peke yake. Watu wote wamekuja kukutazama wewe!"

Nani alicheka kwanza? Nadhani ni mchungaji. Mama Nekesa akajifunika mdomo kwa leso, mabega yakitetemeka. Kama ni kicheko au kilio, sikujua. Hata cha kwangu sikujua.

Wakanivuta nje. Msichana wa glavu akaninyofoa ruba mguuni, akamtia kwenye chupa kwa heshima zote. "Huyu ndiye mkubwa wa leo. Asante, mzee."

Nikavuka daraja nikichuruzika maji. Nikamwona Wekesa. Uso wake ulikuwa umetulia, nikamtazama mpaka nikatosheka. Kisha mchungaji akasema, "Sasa jirani atupe neno." Maneno niliyojipanga nayo tangu nilipoombwa yalikuwa yamekwenda na maji. Nikasema tu, "Wekesa, nisamehe nimechelewa. Nilikuwa nakutafuta."

Watu wakacheka tena, halafu wakalia, halafu gari likaondoka. Sijui kama nimemheshimu au nimemharibia. Mnaotaka kucheka, malizeni leo. Kesho niko kazini na sitaki kuona meno ya mtu.