Vitabu vya Uongozi Vimetunyima Kilalo

Kwa Mhariri wa gazeti letu la kila mwezi,
linalouzwa mlangoni mwa kanisa baada ya misa,
Bunia.

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaokusaidia kuchapa. Mimi ni Mama Espérance, mkaanga mikate ya mafuta wa Avenue ya Mikaratusi. Gazeti lako nalisoma lote kabla ya kuwafungia wateja mikate kwa kurasa zake. Ndivyo nilivyokuona ukiwahimiza viongozi wasome vile vitabu vya kujifunza uongozi, vyenye picha ya bwana anayecheka na tai shingoni. Chef wetu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, Baba Gauthier, alikutii. Shemeji yake Blanchard, anayenunua dhahabu kule Nizi, akamletea vitatu. Tangu hapo tumeharibikiwa, na nakuandikia wewe kwa sababu ni wewe uliyeanza.

Kati yetu na barabara kuna kijito, na juu ya kijito kuna kilalo, daraja letu la mbao. Mbao zikioza, avenue nzima hutoka Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja, kukitengeneza. Zamani Baba Gauthier alikuwa mtu wa matusi. Aliingia majini wa kwanza, suruali imekunjwa, akatupigia kelele mpaka mbwa wakakimbia, na kufika saa ya chakula kilalo kilikuwa kimesimama. Hatukumpenda, lakini tulivuka.

Sasa binti yangu Gracia ana mimba, atajifungua mwezi ujao, na kituo cha afya kiko ng'ambo. Pikipiki haipiti tena pale, na mvua zimeanza. Naogopa, Ndugu Mhariri, sitakuficha. Basi pokea malalamiko yangu, niliyoyapanga kwa namba kama mtu aliyesoma.

1. Kitabu cha kwanza kilimfundisha kwamba kiongozi haamuru, anauliza. Tulifika na majembe na mapanga, akatuketisha kwa duara kwenye nyasi, akauliza kwa sauti ya padri anayeungamisha: "Siye wote, tunaona hii kilalo namna gani?" Unatujua watu wa hapa. Ukituuliza tunaona namna gani, tutaona mpaka jioni. Baba Zacharie aliomba motion d'ordre, yaani hoja ya utaratibu. Mwingine akaomba motion juu ya ile motion. Mwalimu Elysée akaeleza historia ya kilalo tangu Wabelgiji. Jua lilipotuchoma tukarudi nyumbani, jembe langu likiwa safi kama sahani.

2. Kitabu cha pili kinasema ndani ya kila mtu mna kiongozi. Baba Gauthier akawatoa viongozi hao wote nje. Sasa tuna Chef wa Mbao, Chef wa Misumari, Chef wa Majembe na Adjoint wake, na Adjoint naye ana wa kumsaidia. Mbao mpya zipo, zimelala kando ya kijito. Lakini lini umeona chef akibeba ubao begani mbele ya watu? Kwetu chef hubebewa hata kiti. Kila mmoja anasimama karibu na vitu vyake akingoja watu wa kuwatuma, na watu wamekwisha.

3. Cha tatu kinafundisha kwamba kuanguka ni mwalimu. Mama Angèle alipoanguka kijitoni na beseni zima la unga wa muhogo, Baba Gauthier hakumpa mkono. Alimshukuru kwa somo, akatuomba tumpigie makofi. Tukapiga, Mama Angèle akiwa bado majini.

4. Hata kugombana naye hakuwezekani tena. Nilimwendea nikamwambia maneno ambayo mkristo hapaswi kuyajua. Alifumba macho, akavuta pumzi, akanieleza kwamba amepokea hasira yangu kama zawadi. Zamani angenirudishia matusi mpaka kwa bibi yangu, na kesho yake angeleta misumari.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, vitabu hivi viuzwe kama dawa kali, kwa karatasi ya daktari, na mnunuzi aonyeshe kwanza malengelenge ya viganjani. Waliokwisha kuvisoma wasimamishwe kwenye vizuizi vya barabara, kama tulivyosimamishwa kupimwa joto wakati wa ule ugonjwa, asipite mtu na somo kichwani mpaka Boga. Tutafutiwe pia chef mwingine, hata kutoka Niania, mwenye mdomo mchafu na mikono michafu zaidi. Nawe Jumamosi uje na jembe lako, uuone mwenyewe uongozi ulioutangaza.

Naishia hapa, mafuta yanaungua. Wasalimu wa nyumbani kwako, msalimu padri na fundi wa mashine. Blanchard ukimwona, usimsalimu.

Ni mimi, kwa heshima na hasira,
Mama Espérance.

P.S. Barua hii ilikaa juu ya kabati kwa kukosa wa kuipeleka. Katikati ya siku hizo Baba Gauthier alikuja kwangu, akakaa karibu na karai langu, akaniambia: "Mama Espérance, weye unaonaka kilalo kupita siye wote. Kuanzia leo uko Chef wa Kilalo." Nilikataa, kwa adabu. Aliponiuliza tena nilikubali. Tafadhali basi, futa jina langu hapo juu. Malalamiko yote juu ya kilalo yaelekezwe kwangu, nitayapokea kama zawadi. Leo asubuhi Gracia aliniuliza ni nani atakayebeba zile mbao kabla siku zake hazijafika. Nikamuuliza kwa upole: "Weye unaona namna gani, mutoto wangu?" Alishuka kijitoni, akainua ubao mmoja, akauweka begani, na tumbo lake vile lilivyo. Natafuta mtu wa kumtuma akamzuie, lakini avenue hii wote tumekuwa machef.