Mbuzi Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Darasa la udereva salama limeanza, vijana na wazazi wao pamoja. Sharti lake: mzazi akifeli, kijana haruhusiwi kufanya mtihani wa leseni Jumamosi. Binti yangu alinitazama kama mtu aliyemkabidhi nyani yai.

Mwalimu ni mama mfupi, mpole wa sauti. Ana mtindo wake: dereva ataje kwa sauti kila anachokiona kabla hajakifikia. Anasema macho yasiyosema yamelala.

Shemeji yangu naye yumo, na mwanawe. Anatabasamu kama keshafaulu. Tutaonana!

Jumanne, 5 Machi

Nimeipata dawa. Nimejua njia tutakayopimiwa, nikaipita jioni kwa miguu, nikaikariri yote. Shimo. Kituo cha basi. Kona ya duka la mbao. Mbuzi kushoto. Sijakariri hivi tangu nilipokuwa shule, na huko nako matokeo yalikuwa ya kusikitisha.

Jumatano, 6 Machi

Zamu yangu. Nikakohoa, nikaanza kutangaza kama mechi ya fainali. Shimo, nimeliona. Kituo, nimekiona. Nikafika kwenye utamu wenyewe: mbuzi kushoto, nimemwona!

Mbuzi alikuwa amehama. Kushoto alisimama askari wa barabarani, na dirisha lilikuwa wazi.

Akataka kujua mbuzi ni nani. Nimeomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Shemeji, kiti cha nyuma, alicheka hadi akavua miwani. Mwalimu hakucheka. Nitarudia Ijumaa, mara moja tu.

Njia nzima ya kurudi binti alitazama dirishani. Heri angenigombeza.

Ijumaa, 8 Machi

Alianza binti. Mikono imetulia, sauti ya chini. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Tukakaribia lori lililoegeshwa. Barabara tupu, mimi ningepita bila wasiwasi. Yeye akasema, "Miguu, chini ya lori." Akasimama kabisa.

Miguu gani? Mara, kutoka mbele ya lori, kikachomoka kitoto kikifukuza mpira. Kikakatiza mbele ya boneti yetu, kikatokomea uchochoroni. Hata hakikutuona.

Nywele zilinisimama. Miaka yote hii mimi natazama magari; mwanangu anatazama visigino vya watu. Amejifunza lini? Nimelea nini nyumbani mwangu? Nilitamani kumwamkia shikamoo.

Nikashika usukani nikiwa bado nimeduwaa. Nilichokariri kimefutika chote. Binti akaniambia, "Baba, punguza mwendo." Nikapunguza palepale, bila ubishi.

Mwalimu akasema yatosha, nimefaulu. Kumbe mzazi hapimwi ujuzi wa usukani, anapimwa kama anaambilika na mwanawe! Shemeji alibishana na mwanawe kuanzia kituo cha basi mpaka duka la mbao. Kafeli. Pole yake, sana.

Jumapili, 10 Machi

Jana binti kapata leseni. Mama yake alilia, mimi nikasingizia vumbi.

Leo nilikuwa nampeleka kwa shangazi yake, usukani mimi. Njiani nikaona si vizuri shemeji abaki gizani, nikampigia nimweleze, kwa unyenyekevu, siri ya mzazi kuambilika. Nilipofika kwenye kiini cha maelezo, binti akasema, "Baba, simu." Akarudia, safari hii kwa ukali kidogo.

Nikamwomba shemeji asubiri, kuna abiria ananisumbua.