Msanii Mpya Kutoka Walikale

Jumapili, tarehe 2, mwezi wa tatu

Kipindi kimeenda vibaya. Kinaitwa "Kipya na Kikuukuu". Nakitangaza mimi, Élysée Hakorimana, kila Jumapili mchana, kwenye redio yetu ndogo ya hapa Masisi. Kwanza nyimbo mpya za vijana wanaojirekodi wenyewe kwa simu, bila produsa, bila kampuni. Kisha magitaa ya zamani, ya bendi ambazo hata Kinshasa haikuzisikia. Kazi ya heshima! Leo nimepiga wimbo mpya wa msichana wa Butembo anayeimba akigonga ndoo. Mimi nilikaribia kulia. Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kama mashine imeharibika.

Papa Ndagijimana, direkta wetu, akaniita. Akasema watu wana shida, vita iko milimani, wanataka kusikia sauti za kwao, siyo ndoo. Jumapili ijayo nilete msanii mpya wa hapa, Masisi ao Walikale. Nikikosa, kipindi changu anapewa Byukusenge.

Byukusenge! Mtu anayesoma matangazo ya vifo na salamu za ndoa kwa sauti ile ile!

Jumanne, tarehe 4

Nimeandikia vijana wote ninaowajua. Mmoja yuko kambini, simu ilianguka wakati wa kukimbia. Mwingine alinyang'anywa gitaa kwenye bariera, kizuizi cha wenye silaha barabarani. Sasa linapigwa na mwenye bunduki. Vibaya, anasema. Wa tatu amejibu kwamba haimbi tena. Sikumuuliza sababu. Kijiji chao kiliungua.

Byukusenge ameingia mara mbili kuangalia kama kiti changu kinazunguka vizuri.

Ijumaa, tarehe 7

Mungu yupo! Leo soko la Bihambwe. Mama mmoja anauza vyuma na vitu vilivyokufa, na katikati ya misumari nikaona kaseti. Haina jina, haina chochote. Alikataa kuniachia bure, nikampa mwavuli wangu. Mvua ikanikuta njiani. Nimefika nimelowa hadi mifupa, kaseti nimeificha kwapani kama kifaranga.

Nimeisikiliza. Mtu mmoja, gitaa moja. Ni ya zamani sana, inakwaruza. Lakini ile sauti! Kama mtu anayeongea na wewe tu, jikoni, moto ukiwa unazimika. Katikati ya wimbo anaita: "Verdi, Verdi wa Kingi." Sijui ni nani.

Nikawaza. Wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, huo si mpya? Ni mpya! Nimeusafisha kwa simu, nimeondoa mikwaruzo, nimeongeza ngoma kidogo. Msanii nimempa jina: Petit Lowa, kama mto wa Walikale. Kijana mwenye haya. Anakaa mbali, njia mbaya, simu haishiki. Hakuna atakayekwenda kuhakikisha.

Jumapili, tarehe 9

Ushindi! Nilisema hewani kwamba wimbo umerekodiwa Walikale mwezi huu huu na kwamba nimeongea na msanii mwenyewe. Simu hazikunyamaza. Watu wa kambini wameomba urudiwe. Mama mmoja amesema watoto wake wameacha kupigana ili wasikilize. Direkta amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Byukusenge aliuliza huyo kijana ana umri gani, mbona sauti yake imechoka namna ile. Wivu.

Jumatatu, tarehe 10

Amekuja mama mmoja kutoka Kingi, kwa miguu, kitenge cha kanisani kimejaa matope. Mama Verdiane. Analima maharagwe, ana binti mmoja. Aliomba kumwona muntu wa ule wimbo. Nikamwambia ni wa Petit Lowa, kijana wa Walikale.

"Hapana," akasema. "Ile sauti njo ya bwana yangu. Tumukunde. Na Verdi njo mimi."

Akaeleza. Watu wenye silaha walimchukua Tumukunde awabebee mizigo, binti yao akiwa bado tumboni. Hakurudi. Hakuna aliyeleta maiti, hakuna aliyeleta habari, kwa hiyo hawakumlilia. Binti sasa ni mwalimu. Mama hakujua kwamba bwana yake aliwahi kurekodiwa mahali popote.

Halafu akaniuliza kitu kimoja tu: "Iko muzima?"

Direkta alikuwa pale. Byukusenge alikuwa pale, na matangazo yake ya vifo mkononi. Neno nilikuwa nalo mdomoni, nasema kweli. Nikamwangalia direkta. Nikamwangalia Byukusenge, ambaye alikuwa ameanza kutabasamu.

Nikasema ndiyo, Mama, yuko mzima, anakusalimia sana. Na kuhusu "kijana", hiyo ni lugha ya wasanii.

Hakulia. Alikaa chini, sakafuni, akacheka polepole, ameziba mdomo kwa mkono kama msichana. Direkta akafuta macho. Hata Byukusenge akafuta macho! Jambo jema, kwa ujumla.

Alhamisi, tarehe 13

Binti amekuja. Anaitwa Aurélie, chaki bado kwenye vidole. Mama yake ameondoka. Amebeba unga, koti la Tumukunde alilolitunza miaka yote, na redio ndogo aliyoifunga shingoni, imewekwa kwenye stesheni yetu, labda bwana yake ataimba tena. Anaenda Walikale kwa miguu! Njia ya Nyabiondo, ambayo hata watu wa moto, wale wa pikipiki, wameikataa wiki hii. Majirani walimshika, akawaponyoka.

Aurélie alinisogeza pembeni. "Kaka Élysée, uniambie kweli."

Nikamwambia. Soko, kaseti, ngoma ya simu, yote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Basi useme kwa redio," akasema. "Mama anasikilizaka yenu tu. Useme leo, arudi."

Nikaahidi.

Baadaye. Sijasema. Kwanza nilitaka njia ya upole zaidi. Niliwaza kumuua Petit Lowa. Siyo vibaya, kwa ugonjwa mfupi tu. Nikamuuliza Byukusenge, kama mtu anayeuliza hivi hivi, tangazo la kifo linahitaji nini. Jina la baba, mahali pa kilio, na muntu wa familia wa kuweka sahihi! Halafu nikakumbuka kwamba mama yule angeendelea mbele kufuata maiti. Nimeacha. Nitasema kesho.

Ijumaa, tarehe 14

Milio mikubwa upande wa Nyabiondo tangu asubuhi. Watu wanapita hapa centre na magodoro kichwani, mbuzi, watoto, sufuria. Nimesimama barabarani nikiuliza kila mmoja: mama mwenye redio shingoni? Hapana. Hapana. Mwanaume mmoja alinisukuma, akasema mimi natafuta redio wakati yeye anatafuta bibi yake.

Mwishowe mwanamke mmoja amemwona, jana, kwenye bariera. Alikuwa akibishana na wenye silaha. Akiwaambia wamwache apite, bwana yake ni mwanamuziki, labda wanamjua.

Nikakimbia studio. Safari hii nasema! Nikafungua maikrofoni. Ndipo direkta akaingia na wageni wawili wa redio moja ya Goma. Wanakusanya nyimbo za wasanii wasio na kampuni, wanataka Petit Lowa awe wa kwanza. Walikaa mbele yangu, wakavaa vifaa vya masikioni, wakanipa ishara kwamba wananisikia vizuri.

Nikasema: "Mama Verdiane wa Kingi, popote ulipo, usiende mbele. Rudi nyumbani."

Wageni wakainama kunisikiliza.

"Petit Lowa amekwisha kutoka Walikale. Anakuja kwako. Umngoje."

Wageni walipiga makofi. Kumbe hata ukweli haungefanya kazi nzuri hivyo: angesikia kwamba ni kaseti, asingeamini, angeendelea. Sasa atarudi mbio! Sijui kichwa hiki nilipewa na nani.

Jumapili, tarehe 16

AMERUDI! Amefika jana. Miguu imevimba. Jicho moja limefungwa, alipigwa kwa kitako cha bunduki. Koti walichukua. Alinisikia akiwa amejificha kwenye shamba la mihogo na akina mama wengine. Yeye akageuka. Wale wengine wakaendelea, na hakuna anayejua habari zao.

Maana yake nimeokoa muntu! Baada ya kipindi nikapanda moto mpaka Kingi, nikubali shukrani kwa unyenyekevu.

Nyumba imepakwa udongo mweupe, bado mbichi. Uwanja umefagiliwa mpaka barabarani. Mama Verdiane amekaa pale kwenye kigoda, kitambaa kipya kichwani, pembeni kibuyu cha maziwa kimefunikwa na sahani. Alinishika mikono yote miwili, akaniombea baraka kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Kisha akasikia moto ikipanda kilima, akaniacha katikati ya baraka, akasimama. Moto ikapita. Ilibeba viazi. Akakaa. Ikaja nyingine. Akasimama tena, na kila anaposimama anajipangusa kitenge.

Majirani wamesema yuko hivyo tangu alipofika. Maziwa hawaruhusiwi kuyagusa.

Aurélie alikuwa mlangoni. Nikamsalimia. Hakuitika. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba muhimu ni kwamba mama yuko hai.

"Umemurudisha mama," akasema. "Sasa utamurudisha na papa?"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumatatu, tarehe 17

Nimelifikiria swali la Aurélie tangu asubuhi. Mwanzoni liliniuma. Sasa naona si wazo baya hata kidogo!

Nani anakumbuka uso vizuri baada ya miaka yote hiyo? Na jicho moja la mama bado halioni. Kinachotakiwa ni mwanaume wa makamo, mpole, anayejua gitaa. Nimeuliza uliza. Kwenye kwaya moja huku Bihambwe yupo mkimbizi aliyefika peke yake, familia yake yote iliisha. Hana pa kulala. Ana sauti nzuri, wanasema, ya chini, inayotetemeka. Wimbo nitamfundisha kwa siku chache. Wageni wa Goma watampata msanii wao, Mama atampata bwana, yeye atapata nyumba iliyopakwa upya. Hakuna anayepoteza!

Nimemwona leo. Amekubali kunisikiliza. Ni mfupi kuliko nilivyotarajia na hajui Kinyarwanda, lakini vita hubadilisha watu. Mama ataelewa.